Makochi ya Jirani

Wahenga walikuwa watu wa haya, lakini palipohitajika waliyaita mambo kwa majina yake. Ndiyo maana wakatuachia methali ambayo mwanafunzi akiitamka darasani wenzake hucheka chini kwa chini: mficha uchi hazai. Maana yake si ngumu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akakataa kutazamwa na mkunga atabaki na uchungu wake, na mkunga naye atabaki mlangoni na beseni lake la maji. Vivyo hivyo, mwenye shida akiificha mbele ya yule aliyekuja kumsaidia, asitafute wa kumlaumu. Mimi nilikuwa nimeikariri tu methali hii, kama tulivyokariri mengi, hadi nilipoyaona yaliyoipata nyumba ya fundi cherehani wa mtaani kwetu, yeye na mumewe na binti yao.

Binti huyo tulimwita Futi. Tangu anajifunza kutembea alikuwa akivaa shingoni futi ya kitambaa ya mama yake kama mkufu, na kila alichokikuta alikipima: meza, paka, miguu ya wageni. Wenzake walipoacha michezo ya utotoni, yeye upimaji haukumtoka. Akiwa katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari aliomba nafasi katika chuo cha upimaji ardhi, na jina lake likatoka. Siku hiyo mama yake alipiga vigelegele akasahau kwamba ana pini midomoni, wakashinda wakizitafuta sakafuni.

Furaha haikudumu, kwa sababu karo ya chuo kile ilikuwa mlima. Mwalimu wake wa jiografia akampa moyo. Alimweleza kwamba upo mfuko unaowalipia karo watoto wa familia zisizojiweza. Mwanafunzi hujaza fomu, kisha mtu wa mfuko huja nyumbani kujionea hali kwa macho yake, na akiridhika, mtoto husoma. Asiyepata msaada huo kabla chuo hakijafunguliwa, nafasi yake hupewa mwingine. Futi akaichukua fomu kama mtu aliyepewa yai.

Hapo ndipo kisa kinapoanzia. Baba yake Futi alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Milango na madirisha ya nusu ya mtaa ule yalipita mikononi mwake, na kwa miaka mingi aliutazama ule moto mweupe kwa miwani ya bei rahisi, wakati mwingine bila miwani kabisa. Moto ukamla macho kidogo kidogo. Sasa aliweza kutofautisha mlango na ukuta, basi. Kazi alikuwa ameiacha tangu mwaka uliopita, na nyumba nzima ililishwa na miguu ya mama juu ya cherehani.

Lakini nani alikuwa ameambiwa? Hakuna. Mama Futi alikuwa mwanamke wa kujisitiri hasa. Aliyeuliza habari za mumewe alijibiwa kwamba siku hizi anasimamia vijana kwenye karakana, shughuli ya kushika moto amewaachia wao. Mumewe alinunuliwa miwani nyeusi ya jua. Asubuhi alitoka na Futi, mkono wake begani kwa binti, na aliyewaona alisema huyu baba anampenda mwanawe. Alimpenda kweli, lakini mkono ule ulikuwa unatafuta njia. Futi alimwacha karakanani kwa wenzake wa zamani, baba akashinda pale akisikiliza vyuma vikigongwa, kisha jioni binti akampitia. Mama alikuwa na msemo wake: siri ya mtungi aijuaye kata.

Walipofika kwenye swali la kazi ya mzazi, Futi alisita, kalamu hewani.

"Andika mchomeleaji," mama akamwambia bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa. "Si ndiyo kazi yake?"

"Lakini mama, siku hizi hachomelei."

"Fomu imeuliza kazi. Haijauliza macho."

Futi akaandika. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni, akasikia yote, akakohoa tu.

Ujumbe ukaja kwenye simu ya mama: mtu wa mfuko atafika Alhamisi. Nyumba ikaingia wazimu. Msije mkadhani Mama Futi alikuwa mjinga. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu yenyewe aliitoa kwenye kazi yake. Kwa maisha yake yote alikuwa ameona kwamba fundi mwenye kiraka hapewi kitambaa kizuri. Mteja humpa kitambaa chake fundi aliyevaa vizuri, kwa kuwa huyo anaonekana hawezi kukiharibu. Basi na hawa wa mfuko, akawaza, watampa pesa zao nani? Watampa mtu ovyo ovyo, akazitapanye? Lazima waione nyumba yenye adabu. Tena mgeni wa maana ataketishwaje kwenye benchi la wateja, ubao mmoja umelegea na unabana watu mapaja?

Ng'ambo ya njia alikaa jirani mmoja mjane, muuza mkaa, ambaye nyuma ya mgongo wake tulimwita Mama Makochi. Makochi yake yalikuwa ya rangi ya zambarau, yenye mikono iliyonona, na siku yalipoletwa mtaa mzima ulitoka kuyatazama yakikataa kupita mlangoni. Mama Futi alikwenda kumwomba amwazime kwa siku moja. Hakusema ni kwa ajili ya nini hasa. Alisema kuna wageni wa heshima wanakuja, kutoka upande wa shemeji. Jirani akamtazama Futi aliyesimama nyuma ya mama yake, akatabasamu tabasamu la watu wazima, akasema chukueni, mambo ya heri hayacheleweshwi. Alidhani binti anaposwa. Mama Futi akaacha adhanie hivyo hivyo.

Makochi yakavushwa njia. Televisheni ikatoka kwa binamu, ingawa haikuwa na waya wa kuunganisha, ikageuzwa kidogo ili nyuma yake isionekane. Baba akavalishwa koti la mteja ambaye hajaja kulichukua. Mapazia hayakuwapo, na hapo Mama Futi alifanya jambo ambalo fundi yeyote akilisikia hushika kichwa: alichukua kitambaa cha bibi harusi mmoja, cheupe chenye nakshi, kilicholetwa kushonwa gauni, akakibana dirishani kwa pini. Hakukikata, hakukikunja vibaya, wala hakukitia uzi. Lakini alijua alichofanya.

Mgeni alifika akiwa na vumbi miguuni, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na maneno machache. Alizama kwenye kochi la zambarau mpaka miguu ikaning'inia. Akaangaza macho huku na huku, akalishika lile pazia, akasema ni kitambaa kizuri. Mama Futi akashukuru. Baba aliketi kama alivyofundishwa, mguu juu ya mguu, miwani nyeusi usoni, uso umeelekea kule sauti ya mgeni ilikotoka. Alipoulizwa kuhusu kazi alijibu kwamba kazi zipo, vyuma haviishi duniani. Futi akaulizwa kama ana la kuongeza. Alikuwa nalo. Akamtazama mama yake, akasema hana.

Mgeni alipoondoka, Mama Futi alishusha pumzi ndefu, akamwambia mumewe kwamba sasa wameonekana watu.

Walionekana kweli. Baada ya siku kadhaa ujumbe mwingine ukaingia. Mfuko unashukuru kwa maombi ya mwanafunzi, ila umeiona familia yake kuwa inajiweza, na msaada utakwenda kwa wenye uhitaji zaidi. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa kabla ya mwisho wa mwezi, aeleze kilichokosewa, na alete jirani asiye ndugu atakayethibitisha hali ya nyumba.

Futi aliusoma kwa sauti hadi neno "inajiweza", kisha sauti ikakatika. Alilia kwa kwikwi, kichwa juu ya meza ya kukatia nguo. Mama alisimama na mkasi mkononi, hajui auweke wapi. Kila mtu aliyekulia katika nyumba ya ushonaji anajua kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na mwisho wa methali hiyo mnaujua wenyewe. Futi hakuisema. Alisema jambo dogo tu, na liliuma kuliko methali.

"Mama, tumewaambia hatuhitaji, nao wametuamini."

Njia ya rufaa ilikuwa wazi, na Mama Futi hakutaka kuipita. Kumwandikia mtu wa mbali kwamba tulidanganya, hilo labda angelimeza. Lakini jirani wa kuthibitisha? Nani mwingine alijua makochi ni ya nani, isipokuwa mwenye makochi? Amwendee yule mwanamke ambaye wateja wa mkaa humletea habari za mtaa mzima, amwambie mume wangu haoni, hatuna kitu, na wale wageni wa shemeji hawakuwapo? Aliapa kwamba afadhali auze cherehani. Futi akamuuliza, akiuza cherehani watakula nini. Mama akarudi kwenye cherehani. Nyumba ikakaa hivyo siku nzima na nyingine, kila mtu akipita pembeni ya mwenzake, na cherehani ikisema peke yake. Tulioko nje tulidhani kazi zimekuwa nyingi.

Aliyeukata ukimya ni baba. Hakuwa mtu wa maneno, na tangu macho yalipomwacha maneno nayo yalikuwa yamepungua. Alipapasa hadi kwenye benchi, akaketi karibu na cherehani, akaivua ile miwani na kuiweka juu ya kitambaa alichokuwa akishona mkewe, ikabidi mama aache kukanyaga.

"Mama Futi," alisema, "macho yaliyokufa ni yangu. Kama ni aibu, basi ni aibu yangu, na mimi nimeichoka. Unanisitiri, nashukuru. Lakini mtoto akikosa chuo kwa sababu ya miwani hii, nitaivaaje tena?"

Mama Futi alilia. Nasema alilia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala sioni haja ya kulipamba. Alikuwa ameibeba siri ile peke yake kama mtu anayevuka na ndoo ya maji kichwani, hathubutu hata kugeuza shingo, na mwenye ndoo mwenyewe ndiye aliyemwambia atue. Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha mteja, akajitanda khanga, akavuka njia.

Alimkuta Mama Makochi akipanga mkaa kwenye makopo, mikono imekuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Akaanza kuzunguka. Akauliza habari za mkaa, habari za mvua, habari za goti la jirani linalomsumbua. Mwishowe akasema amekuja na jambo zito kuhusu baba Futi, na likamkwama hapo hapo.

"Kwamba haoni?" jirani akasema.

Akamvutia Mama Futi kigoda, akamweleza taratibu. Alikuwa amejua tangu msimu wa baridi uliopita. Asubuhi moja alianika koti refu la marehemu mumewe kwenye kamba, na baba Futi akapita akipapasa ukuta, Futi akiwa ametangulia kidogo. Alipolifikia koti alisimama, akaliamkia kwa adabu zote, akasubiri kuitikiwa. Koti likanyamaza. Akaomba radhi, akaenda zake. Mama Makochi alikuwa dirishani. Alicheka kwanza, kisha akaketi akalia, kwa kuwa tangu mumewe afariki hakuna aliyekuwa amelisalimia koti lile.

"Mtaa mzima unajua, jirani yangu," akasema. "Tumenyamaza kwa sababu wewe ulitaka tunyamaze. Tungekuingiliaje?"

Mama Futi aliyapokea maneno hayo kama maji baridi mgongoni. Kumbe siri ile waliijua wote, kasoro wale tu waliokuwa na uwezo wa kusaidia. Akaeleza basi habari za mfuko, mgeni, na kochi la zambarau. Aliposikia, Mama Makochi aliweka kopo lake chini, na sasa akakasirika kidogo.

"Ungeniambia ni mtu wa karo, ningekupa kigoda hiki kilichovunjika mguu. Mimi nimekesha nikiombea posa."

Wakatazamana, wakaangua kicheko, vumbi la mkaa likawapalia wote wawili. Kisha jirani akanawa mikono, akasema atakuja kuthibitisha siku yoyote atakayoitwa, na kama wanataka ataleta na lile koti.

Rufaa ikaandikwa. Safari hii Futi alishika kalamu, baba akasema, na mama hakupunguza neno.

Mgeni aliporudi alikuwa yule yule, mkoba ule ule, vumbi lile lile. Aliingia akasimama katikati ya chumba, akageuka pande zote kama mtu aliyekosea nyumba. Dirisha lilikuwa tupu na jua lote limeingia ndani. Palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na lile benchi.

"Makochi yako wapi?" akauliza.

"Yamerudi kwao," Mama Futi akajibu, akamkaribisha benchini na kumtahadharisha na ule ubao.

Haikuwa rahisi. Hata mtu aliyekwisha kuamua kusema hukuta ulimi mzito. Alianza na makochi, akafuatia na televisheni isiyo na waya, akaja kwenye koti la mteja. Alipofika kwenye pazia sauti ilishuka sana, kwa kuwa makochi yalikuwa aibu ya nyumba, lakini kitambaa cha bibi harusi kilikuwa aibu ya kazi yake. Alisema kila kitu huku akimtazama mgeni usoni. Futi alisimama nyuma yake na, bila kujua, alikuwa ameshika bega la mama yake, kama baba alivyozoea kulishika lake.

Mgeni alisikiliza bila kuandika. Kisha akanyoosha kidole chake cha shahada, akakitazama. Alisema siku ile alipolishika pazia pini ilimchoma, akashangaa ni fundi gani huyu anayesahau pini kwenye pazia lake mwenyewe. Lakini alikuwa na nyumba nyingine za kutembelea, na yeye huandika anachoonyeshwa. Akamgeukia baba, akamwomba, kama hataona vibaya, aivue miwani.

Baba akaivua. Macho yake yalikuwa yametanda weupe kama maji ya mchele. Mgeni akamuuliza anaona nini.

"Naona mwanga wa mlango," baba akasema. "Na mbele yangu naona kuna mtu. Ni nani, na ananionaje, hayo siyaoni."

Mgeni akafungua mkoba, akaanza kuandika, na aliandika kwa muda mrefu. Mama Makochi akaja, akatoa ushahidi wake akiwa amevaa kana kwamba anakwenda harusini, na habari ya koti hakuiacha. Aliyecheka zaidi kwa habari hiyo ni baba Futi mwenyewe. Alisema alidhani ni mzee mmoja mwenye kiburi, na tangu siku ile alikuwa amemwekea kinyongo.

Jibu lilikuja siku mbili kabla chuo hakijafunguliwa, na hizo siku za kungoja Mungu ndiye anayezijua. Mfuko umekubali kulipa karo yote. Chakula na vitabu wajitafutie. Mama Futi hakupiga vigelegele safari hii. Alizitoa kwanza pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akapiga.

Asubuhi ya safari tulitoka kumsindikiza. Futi alibeba begi lililoshonwa na mama yake kutokana na vipande vya nguo za mtaa mzima, kila mtu akikitafuta kipande chake. Shingoni alikuwa na futi. Baba yake alitoka mlangoni bila miwani, na mkononi alikuwa na fimbo nyeupe ambayo wenzake wa karakana walimchongea kwa bomba jembamba la chuma na kuipaka rangi. Bega la kushikilia lilikuwa linaondoka, na sasa hakuwa na haja ya kujifanya. Aliposikia nyayo zikimkaribia alisimama katikati ya njia, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Nani mwenzangu?"

Tukamjibu kwa majina yetu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyejitaja alipewa mkono. Mama Futi alisimama kando akitazama, mikono kiunoni, machozi yakimtoka wala hayafichi. Gari lilipopiga honi alimvuta binti yake, akamrekebisha ukosi, akamwambia maneno ambayo Futi amekwenda nayo chuoni na mimi nimeyaleta hapa kama nilivyoyasikia:

"Nenda mwanangu, na ukikwama usione haya kusema. Mama yako nusura akukoseshe chuo kwa ajili ya makochi. Mficha uchi hazai."